Vifungo vya Pumzi za Nyati

Kifungo cha kumi na tisa kilitua ndani ya kikombe, dakika ikaisha, na Bi Vifungo akasimamisha video.

Jina hilo alipewa na shemeji yake, mrushaji wa droni, kwa sababu ya mtindo wake wa kazi. Kila ubavu wa nyati ulipopanda na kushuka kwenye kompyuta, alihamisha kifungo kimoja cha shati kutoka sahani hadi kikombe. Hakusomea kazi hiyo popote. Alianza kama mfagizi wa kituo hicho cha utafiti, akajifunza kwa kutazama, na kwa miaka sita hakuna aliyemkuta na kosa la hesabu.

"Pumzi kumi na tisa," alisema. "Mzima kama mimi."

"Kama wewe? Basi hali yake mbaya," shemeji yake alijibu, akifuta vumbi kwenye pangaboi za droni.

Bi Vifungo hakucheka. Mbele yake palikuwa na nakala ya barua ya Daktari, mkuu wa kituo: nyati hamsini na wawili wa bondeni wanahema mara thelathini na tano kwa dakika, wana ugonjwa wa mapafu, wapigwe risasi wote kabla hawajaambukiza wengine. Kikao cha kuipitisha kilikuwa kesho saa nne asubuhi.

Tangu asubuhi alijiuliza thelathini na tano ilitoka wapi. Hakutaka kumshuku mtu bure. Sasa aliirudisha video mwanzo kabisa, akaona. Nyati walikuwa wamebanana, masikio wima, ndama wamewekwa katikati.

"Shem, hapa ulikuwa umekaa juu yao muda gani?"

"Ndiyo kwanza nafika. Nashuka niwaone, halafu napanda, nasubiri watulie. Si ndiyo sheria yako hiyo ukutani?"

Ilikuwepo ukutani kweli, kwa mwandiko wake: Dakika tano za kwanza hazihesabiwi. Daktari alihesabu hizo hizo.

Alichukua sahani, kikombe na kompyuta, akapiga hodi kwa Daktari na kuingia kabla ya kuitikiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Daktari, kwa nini ulihesabu za mwanzo?"

"Za mwanzo wanaonekana vizuri. Baadaye droni iko juu mno, natumbua macho wee, sioni kitu. Na barua imeshachapwa, bibi."

"Nikuletee droni inaunguruma juu ya kitanda chako alfajiri, nihesabu unavyohema, niandike una kichomi. Utakubali?"

Shemeji yake, aliyemfuata hadi mlangoni, alikohoa kuficha kicheko.

"Unanifundisha kazi?"

"Nakuomba uhesabu." Alimsogezea sahani ya vifungo na kikombe.

Daktari alihesabu huku akinung'unika. Nyati yule yule, mwanzoni: thelathini na sita. Dakika ya nane, amelala anacheua: kumi na tisa. Alivimwaga vifungo, akavihesabu upya.

"Hii ni video moja," alisema hatimaye. "Ziko kumi na mbili. Siwezi kufuta barua kwa video moja. Niletee zote."

Bi Vifungo alimtazama. Kuwahukumu nyati hamsini na wawili zilitosha dakika chache za woga. Kuwaokoa kunataka video zote kumi na mbili. Alimeza hasira, maana matusi hayahesabu pumzi.

"Utazipata kabla ya saa nne. Na hiyo barua usiitie sahihi."

Daktari aliifunika kalamu.

Mlinzi alipokuja kufunga saa kumi na mbili jioni, video saba zilikuwa tayari, na zote zilisema neno moja: pumzi nyingi kwanza, kisha utulivu. Ya nane ilikuwa katikati ya dakika, vifungo kumi na kimoja kikombeni.

"Mama, funguo zinanisubiri," mlinzi alisema.

Bi Vifungo alivirudisha vyote sahanini. Nusu dakika ya leo haiungwi na nusu ya kesho. Ya nane ingeanza upya.

"Kesho saa kumi na mbili alfajiri, shem. Zimebaki tano."

"Na mimi nikilala nahema mara ngapi?"

"Wewe unakoroma. Dada yangu alishakata tamaa ya kuhesabu."

Akafunika sahani kwa karatasi, akaandika juu yake: Isiguswe.