Mtu Aliyekatwa Kushoto

Jana mchana umeme ulikatika, nikasinzia kwenye kiti cha studio, na ndoto iliyonijia naiandika hapa kama ilivyokuwa, maana kuisimulia kwa mdomo nimechoka.

Kwanza mnijue. Napiga picha za pasipoti hapa Muheza, na kwa balaa la kujitakia ni admini wa kundi la mtandaoni la wapiga picha, Lenzi Yetu. Tuko elfu nne na ushee. Sheria yetu kubwa ni moja: kabla hujaweka picha yako, toa maoni kwa picha tatu za wenzako. Mimi hutoa thelathini kwa siku. Upeo wa macho umeinama, nyoosha. Sogea karibu. Kata kushoto. Siku hizi dole gumba linaandika lenyewe, mimi niko kwenye chai yangu. Jamani, nimechoka.

Basi ndotoni naona mlango unafunguliwa, anaingia mtu nusu. Nusu kweli: bega moja, sikio moja, mguu mmoja, na mgongoni kipande cha ukuta wa chokaa anachotembea nacho. Upande wa pili amenyooka kama kakatwa kwa rula.

"Hodi," anasema, ameshaingia.

"Karibu. Pasipoti?"

"Hapana. Mimi ni yule uliyesema nikatwe."

Namwambia wiki nzima nakata watu, hebu ajieleze vizuri. Anajieleza kwa upole, kwa nusu ya mdomo. Jina lake Shomvi. Mkewe, Bi Mwantumu wa Pangani, ni mwanachama mpya. Kwa shindano la wiki hii, mada ikiwa "Nyumbani", aliweka picha yake amekaa barazani anachambua mchele, na kushoto kwake kasimama mtu aliyetokea pichani na ukungu. Mimi nikaandika chini: Kata kushoto, huyo mtu anavuruga picha.

"Ah, nakumbuka," nasema. Sikumbuki hata kidogo.

"Maelezo yake uliyasoma?"

"Maelezo gani?"

"Aliandika: hii ndiyo picha pekee niliyo nayo na marehemu mume wangu."

"Kwa hiyo wewe ni marehemu?"

"Hilo si tatizo, nimeshazoea. Tatizo langu ni kukatwa. Na ile ya mwanzo ameifuta, simu yake ilijaa. Sipo tena popote. Nirudishe, bwana admini."

Hapo aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikachukua funguo zangu, nikamwambia twende.

Tunatoka nje, Muheza haipo. Kuna uwanja mweupe umepigwa mistari minne, miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kama ile ya kwenye kioo cha kamera. Watu wote wamebanana kwenye makutano ya mistari, wanakanyagana, maana huko ndiko tunakowaambia wapiga picha kila siku waweke kitu muhimu. Katikati ni peupe kabisa. Mama muuza maandazi anajaribu kukaa katikati apate nafasi ya jiko lake, anapigiwa filimbi.

"Nani kaleta sheria hii?" Shomvi anauliza.

"Sijui," nasema. Niliibandika mimi kundini, mwaka juzi.

Mara tuko ndani ya ghala la vilivyokatwa. Nguzo za umeme, ndoo, viwiko, mbuzi, mashemeji waliojipenyeza kwenye picha za harusi. Wamekaa kimya kwenye mabenchi, wengine wamekuja na chakula. Karani wa dirishani ni stendi ya kamera, miguu mitatu, na macho ya mtu ambaye hajawahi kwenda likizo.

"Maoni matatu kwanza," anasema Stendi.

"Huyu hajaleta picha, bwana. Huyu katolewa kwenye picha."

"Sheria umeitunga wewe, unataka kuivunja kwangu?"

Shomvi anapewa picha ya kwanza, mtoto kasimama mlangoni. Anaitazama muda mrefu kwa jicho lake moja.

"Huyu mtoto anamsubiri mtu," anasema.

"Upeo je?"

"Upeo siujui. Anamsubiri tangu asubuhi."

Stendi anaandika: si maoni. Ya pili, bibi anacheka. "Jino linamuuma huyu," anasema Shomvi. "Anacheka ili mpiga picha asije akaona vibaya." Si maoni. Ya tatu ni kiti kitupu karibu na dirisha. Shomvi anakishika kwa kidole. "Hapa alikuwa anakaa," anasema.

Stendi anaweka kalamu chini. Mguu wake mmoja umelegea.

"Miaka yote hii," anasema, "watu huniambia habari za mwanga tu. Haya, piteni. Lakini mkewe alikata kwa kubana sana. Atakachoingiza ni kidogo."

Ukutani pana dirisha jingine, na ndani yake ni baraza la Pangani. Bi Mwantumu anachambua mchele, bega lake limegusana na ukingo wa picha. Yeye hatutazami. Namsukuma Shomvi. Bega haliingii. Kichwa hakiingii.

"Sukuma, bwana!"

"Nasukuma!"

Namsukuma kwa goti, kwa mgongo, jasho linanitiririka, chokaa inanimwagikia. Nje filimbi zinalia. Mwisho unapenya mkono tu, nao haufiki mbali.

"Basi, inatosha," anasema.

"Haitoshi!" Nikaanza kulia, jitu zima na ndevu zangu. "Haitoshi, kaka, nisamehe."

"Mkono wangu anaujua," akasema Shomvi.

Nikashtuka. Umeme umerudi, feni inazunguka. Nikaiwasha simu haraka, nikaitafuta picha ya Bi Mwantumu. Imekatwa kushoto, safi, sawasawa na maelekezo yangu. Na begani kwake, pembeni kabisa, pana vidole vinne vya mwanamume.

Chini alikuwa ameandika, dakika mbili tu zilizopita: "Kaka admini, nimekata kama ulivyosema. Asubuhi hapa begani hapakuwa na kitu, nimeangalia mara nyingi. Sasa kuna vidole, na ni vya mume wangu, wallahi navijua. Na hivi nivikate?"

Watu kumi na tisa walikuwa wameshamjibu. Niliwasoma wote, mmoja mmoja. Wote waliandika neno moja, lile lile, nililowafundisha mimi: Kata.

Nikaandika: "Usikate, Bi Mwantumu. Nilikosea mimi."