Gatimu Alinyolewa Kwanza

Mwaka wa 1972, vijana wengi wa Othaya walikuwa wameacha kwenda kwa kinyozi. Mzee Theuri, mwenye kibanda cha kunyoa karibu na soko, hakuwalaumu. Alikuwa ameona mitindo mingi ikija na kupita. Baba yake, enzi za ujana, alisokota nywele ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Wamisionari walipokuja wakataka vichwa vifupi. Mwaka wa uhuru, kila mwanamume alitaka kuchorwa mstari kwa wembe upande wa kushoto, na Theuri alinyoa mpaka vidole vikafa ganzi. Sasa ilikuwa afro, na ndevu za mashavuni zilizoteremka hadi tayani. Na afro kubwa kuliko zote sokoni ilikuwa ya mwanawe mwenyewe, Kihara.

Ya pili ilikuwa ya Gatimu, rafiki wa Kihara tangu darasa la kwanza. Jumapili walisimama nje ya kanisa wakichanana kwa kichana kimoja chenye meno marefu. Wazee wa kanisa walipowaambia wanyoe au wakae viti vya nyuma, walikaa nyuma, bega kwa bega.

Mwezi wa Mei, chifu alitangaza kwamba maofisa wangekuja kuchagua vijana wa kwenda chuo cha polisi Kiganjo. Kutoka lokesheni yao angechukuliwa mmoja tu, atakayeshinda mbio. Mwenye kutaka alipaswa kuja na cheti, na kichwa kimenyolewa. Kihara alitamani sana. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na katika mbio za shule hakuna aliyewahi kumpita.

"Wewe utakubali kunyolewa kama kondoo?" Gatimu alimwuliza walipokuwa wakitoka kuchuma kahawa. "Mimi siendi. Na wewe usiende. Tuko pamoja ama hatuko?"

"Lakini hiyo ni kazi, Gatimu."

"Kazi zitakuja zingine. Niambie tuko pamoja."

Kihara alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimpa mkono. Alijua anapoteza kitu, lakini kumwacha rafiki yake peke yake mbele ya wazee wale kulimwuma zaidi.

Asubuhi ya uchaguzi, Kihara alimpelekea baba yake chai kibandani. Sakafuni palikuwa na rundo la nywele, nyeusi, zenye wekundu kidogo kwenye ncha. Aliijua rangi hiyo.

"Baba, hizi ni za nani?"

"Za Gatimu." Mzee Theuri alikuwa akikung'uta kitambaa. "Amekuja hata sijafungua vizuri. Amesema wewe uko nyuma, unatafuta cheti. Nimekungoja tangu hapo."

Kihara aliweka chupa ya chai chini.

"Aliniambia haendi," akasema. "Tulipeana mkono."

Mzee alimtazama mwanawe, kisha akatazama rundo lile. Akachukua mashine ya mkono. "Keti," alisema. "Keti haraka."

Nywele za miaka miwili zilimwangukia Kihara mapajani. Mashine ilikwama na kuvuta, na mara mbili mkono wa mzee uliteleza ukamkwaruza nyuma ya sikio. Alipomaliza, Kihara alikimbia nyumbani kuchukua cheti, kisha akakimbia hadi uwanjani walikokuwa maofisa, upepo ukimpiga kichwani kama maji baridi.

Mbio zilikuwa zimekwisha. Vijana walioshindwa walikuwa wakivaa viatu. Gatimu alisimama peke yake kando ya Landrova ya maofisa, kichwa kiking'aa, nambari ya aliyechaguliwa imeandikwa kwa wino mkononi.

"Afande, hata mzunguko mmoja," Kihara aliomba huku akihema. "Mimi humshinda huyu."

Ofisa alimgeukia Gatimu. "Unamjua?"

"Ni jirani," Gatimu alisema, macho yakiwa kwenye nyasi. "Alisema hataki."

Ofisa alifunga kitabu chake. Kihara alibaki pale mpaka Landrova ikaondoka. Hasira ilikuwepo, lakini neno lililomchoma ni lile moja, jirani.

Hakuitwa popote mwaka huo, basi akaanza kufanya kazi na baba yake. Mwezi wa Desemba Gatimu alikuja kibandani akiwa likizoni. Mzee Theuri alitoka nje bila kumsalimu. Gatimu aliketi kwenye kiti, na Kihara akamfunga kitambaa shingoni.

Alinyoa upande mmoja kabla ya kuuliza. "Kwa nini?"

"Ungekimbia, mimi ningepata nini?"

"Ungeniambia hivyo."

"Ningekuambia, ungenihurumia. Sikutaka."

Kihara alinyoa upande wa pili sawasawa na wa kwanza, akampangusa shingo, akamfungua kitambaa. "Siku ingine tafuta kinyozi mwingine," alisema.

Gatimu alisimama, akaenda zake.

Mzee alirudi ndani akaketi kwenye benchi la wateja. "Ni mimi nilimnyoa siku ile," alisema. "Ningemwuliza zaidi."

"Hukujua, Baba."

"Wewe nawe hukujua. Na bado inakuuma."

Kihara hakukana. Alichukua ufagio, kwa kuwa mteja mwingine alikuwa amefika mlangoni.