Dhahabu ya Mjerumani katika Rweya ya Kagoma

Wananchi wenzangu, natangaza kwa heshima zote kwamba mahali Wajerumani walipozika dhahabu yao wakikimbia vita panajulikana. Ni katika rweya, nyika ya majani juu ya Kagoma, ambako hakuna nyumba wala mgomba. Ninapajua kwa sababu nilipachagua mwenyewe, likizo ya Desemba 1974, nikiwa kidato cha pili na sina kazi.

Ramani niliichora kwenye karatasi iliyolowekwa katika kahawa, nikaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo cha baba yangu mdogo, Rugaibula, mzee wa kanisa. Alama ilikuwa miti mitatu. Rweya haina miti, kwa hiyo nilichomeka matawi matatu ya mulamula kwa mstari. Mulamula huota hata ukipandwa na mvivu. Kwamba kwetu ndio mti wa mpaka, unaoonyesha kibanja cha mtu, nyumba na migomba yake, kinapoishia, nilijua tangu utotoni. Sikulifikiria tu.

Jumatatu asubuhi baba mdogo alibeba jembe, akaaga kwamba anakwenda kutafuta dawa ya ng'ombe. Hana ng'ombe. Nilimfuata, nikajilaza majanini nicheke vizuri.

Alikuwa amechimba hadi kiunoni alipotokea Karugendo, jirani ambaye walikuwa hawajasalimiana kwa miaka minne. Alikuja kukata nyasi za kutandaza migombani. Aliona mulamula, akaona shimo, akapiga yowe. Watu wakapanda kilima na mapanga, Josia, Mwenyekiti wa kijiji, akiwa mbele.

Rweya ni ya wote. Na mwaka ule watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa; Mwenyekiti alikwisha kuonya kwamba atakayenyakua ardhi atahamishwa wa kwanza.

"Unajipimia nyasi zetu," Karugendo alisema. "Shimo hili ni la nguzo ya nyumba, au ni kaburi lako?"

Baba mdogo alifuta udongo usoni. Mzee wa kanisa aseme anatafuta dhahabu? Alisema anachimba choo. Mtu mmoja alitema mate. Choo, mwendo wa robo saa kutoka nyumba ya mwisho!

Mwenyekiti akatamka kwamba ifikapo Jumamosi Rugaibula awe amehama, na kibanja chake, chenye kaburi la babu, kitakuwa cha kijiji. Kisha akaamuru mulamula ing'olewe.

Hakuna aliyesogea. Kung'oa mulamula ya mpaka ni kujiitia kifo. Karugendo alirudi nyuma. Mwenyekiti mwenyewe akashikwa na kikohozi.

Huruma ikanishika, nami nikaona njia rahisi ya kulimaliza. Nilitoka majanini, nikang'oa wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikajipangusa mikono. Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa akimtazama baba mdogo.

"Mtoto huyu haogopi," Karugendo alisema taratibu. "Kwa nini haogopi?"

Baba mdogo alipanda kutoka shimoni, jembe mkononi. "Mulamula hii uliipanda lini?"

"Alhamisi, baba," nikasema. "Hata ramani ni mimi."

"Ramani gani?" akauliza Mwenyekiti.

Baba mdogo alinikazia macho ninyamaze. Nilifikiria kaburi la babu, nikaona heri baba mdogo aaibike kuliko ahamishwe; nikasema yote, na dhahabu nikaitaja kwa sauti.