Jani Nililolitupa kwenye Runinga

Watu wa tamthilia walipofika Kibosho kutafuta mama wa kuigiza, walinichagua mimi, Mektrida, eti nina uso mkali. Sikubisha. Hasira zangu ziko karibu, na mdogo wangu Flavia anazijua kuliko wote. Alinitukana mbele ya waombolezaji siku tuliyomzika mama, na tangu hapo, mwaka wa tatu huu, hatusalimiani.

Kwenye tamthilia, mwanangu ananiletea isale, jani letu la kuombea msamaha. Mwongozaji, kijana wa Dar, akataka nilitupe lile jani chini, nibetue midomo, niseme, "Kampe mbuzi."

"Kijana, huku kwetu isale haikataliwi," nilimwambia. "Hata aliyekuulia ng'ombe, akija nayo unapokea."

"Ndiyo maana watu watashtuka, mama. Ni kuigiza tu."

Nikalitupa.

Baada ya tamthilia kurushwa, wiki haikuisha uso wangu ukawa kwenye kila simu. Timu ikifungwa, mchumba akiachwa, watu wanabandika midomo yangu na "Kampe mbuzi." Sokoni Moshi wasichana waliomba kupiga picha na mimi. Nikavimba kichwa kwelikweli.

Kisha Pamela, binti wa Flavia, akanikuta tunapopelekea maziwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Akatua ndoo yake. "Mama alishakata isale akuletee. Akaona ile video. Akasema, dada ameshanijibu."

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Miaka yote nilimngoja mdogo wangu aje, na alipojiandaa kuja nikamfungia mlango mbele ya nchi nzima.

Nilikata jani kwenye mpaka wa shamba nikateremka kwake. Njiani nilitaka kurudi mara tatu. Anayebeba isale ni mkosaji, na aliyetukana si mimi! Lakini aliyelitupa jani ni mimi.

Flavia alikuwa uani anamenya ndizi. Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Aliliangalia, akaniangalia midomo, akanyanyuka na kuingia ndani. Nilibaki nimesimama, mikono mbele.

Akatoka na jani lake. Lilikuwa limekauka, limejikunja.

"Dada," alisema, "pokea kwanza hili. Limesubiri sana."