Mutatulia

Nyumba ya Sumaili ilikwisha kuhamishwa mara tatu, na mwenyewe hakuwahi kutaka kwenda popote. Kwanza Wazungu walitaka watu wakae kando ya barabara. Kisha barabara ikanyooshwa, nyumba ikajikuta katikati yake. Mara ya tatu sababu hakuelezwa, au alielezwa kwa Kifaransa. Sasa alikaa nyuma tu ya msikiti wa Kasongo, huko Kongo, ambako alikuwa mwadhini. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, na kila alfajiri alifika kwa kupapasa ukuta. Akihamishwa tena, basi kuadhini ndiyo kwaheri.

Mwaka huo wa 1959 mambo yaliwaangukia watu bila kuwapa nafasi ya kupumua. Leo chama hiki, kesho kile. Vijana wanasema Mzungu anaondoka, Mzungu anasema pamba ilimwe vilevile. Watu walichoka, jamani. Ukimuuliza mtu anataka nini, hakutaja uhuru wala Mbelgiji. Alisema anataka kukaa.

Ndipo akaja Gaston, karani wa pamba, akigombea kiti katika baraza. Wenzake waliahidi shule, madaraja na dunia mpya. Yeye alipanda juu ya kiti akasema maneno machache tu.

"Mutupe sauti zenu, na mutatulia."

Mtaa mzima ukashusha pumzi.

Sumaili alichanganyikiwa. Sauti? Ya kwake ilikuwa moja, na ilikuwa na kazi. Akimpa Gaston, nani ataita watu kwenye swala? Alimuuliza mkewe, Aziza, naye akacheka hadi akashika mbavu. Sauti hiyo ni kura, karatasi tu, akamweleza. Unaitumbukiza sandukuni, unarudi nyumbani. Sumaili hakuelewa sauti inageukaje karatasi, lakini neno lile la kutulia lilikuwa tamu. Akaitumbukiza, kama mtaa wote. Gaston akashinda kwa kishindo.

Kabla mvua hazijaisha wakaja watu wenye vigingi na kamba. Barabara mpya, walisema. Kigingi kimoja kilipigwa mbele ya mlango wa Sumaili, naye akajikwaa juu yake akienda kuadhini, goti likavimba.

Mtaa ukaongozana hadi kwa Gaston, Aziza akimshika mumewe mkono. Gaston alikuwa na meza sasa. Alisikiliza kidogo, na watu walipoanza kusema wote kwa pamoja akainua mkono, akawaomba watulie. Wakanyamaza. Kisha mmoja akamkumbusha ahadi yake.

"Niliwaambia mutatulia," Gaston akasema. "Sasa mutulie. Ya kusema ni yangu. Sauti si mulishanipa?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyejua kama huo ni utani au ndiyo sheria yenyewe. Wengine walianza kuona aibu, ingawa hawakujua wamekosa nini. Sumaili alisogea hadi vidole vyake vikagusa meza.

"Basi, mwanangu, unirudishie yangu. Iko na kazi alfajiri."

Hakuna aliyecheka, hata Aziza. Gaston mwenyewe alivuta droo ya meza, akachungulia ndani, akairudisha.

Alfajiri Sumaili alikizunguka kigingi, akapapasa ukuta, akasimama mahali pake. Aliweka mikono masikioni, akafungua kinywa, akakawia, maana hakuwa na hakika kama kuna kitu kitatoka.