Zohali Ilivyomgeukia Mama Dorine

Kila jioni isiyo na mvua, Mwalimu Kimeli alibeba darubini yake kutoka sebuleni na kuiweka kwenye sakafu ya saruji anapoanikia mahindi, kati ya tangi la maji na kibanda cha ndama, kisha akaiacha ipoe. Kioo kikitoka ndani ya nyumba yenye joto hutetemesha picha, kwa hivyo kilihitaji nusu saa ya baridi ya Boito, na baridi ya Boito haina ubahili. Katika nusu saa hiyo alikamua ng'ombe wawili, akasikiliza taarifa ya habari, akavaa koti alilozawadiwa na shule siku aliyostaafu.

Alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja bila darubini hata moja. Kila mwaka alichora Zohali ubaoni kwa chaki, duara na pete zake, hata akaanza kuiona kama mali yake. Darubini yenyewe ilitoka kwa bintiye Chepngetich, muuguzi huko Amerika, na ilimfikia katika mwaka ambao pete za Zohali zimelala ubavu. Hilo hutokea kila baada ya miaka kama kumi na mitano. Sayari hukaa mkao ambao pete zake, kwa wembamba wake, huonekana kama uzi tu. Kimeli alifunga simu kwenye lenzi, akarekodi video za dakika mbili mbili, akaiachia kompyuta ichague vipande vizuri na kuvibandika pamoja. Kila mara alipata kitu kile kile, tufe la rangi ya uji lililochomwa sindano. Hakulalamika, maana jambo hilo alikuwa amelifundisha mwenyewe.

Jerusa alifika hapo kwa shida ya majani chai. Boito nzima ilimwita Mama Dorine, kwa jina la bintiye. Alikuja kutoka upande wa ziwa miaka kumi na minane iliyopita kumfuata mumewe Okoth, aliyekuwa akiendesha boila kiwandani. Okoth alipofariki, mama huyo alibaki, akakodi kwa Kimeli mistari kadhaa ya majani chai pale chini ya mteremko. Kwa kuwa shamba halikuwa lake, hakuwa na namba ya mkulima, na bila namba karani wa kituo cha kupokelea majani hawezi kukupimia. Basi majani yake yalipimwa kwa namba ya Kimeli. Wengi hufanya hivyo na hakuna anayeona ajabu. Kwa kiwanda, Jerusa hakuwa amewahi kuchuma hata jani moja.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, saa moja jioni, alipanda kuja kusema kwamba lori halijafika na majani yamelala kituoni. Kimeli alikuwa ameinamia darubini. Hakuwa na la kufanya kuhusu lori, kwa hivyo kwa adabu tu akamwambia achungulie. Jerusa alipangusa mikono kwenye leso, akainama, akatazama kwa muda.

"Habari yako," alisema, na hakuwa akimsalimu Kimeli. Kisha akasema, "Mwalimu, hii kitu iko na sahani kubwa sana. Imejifungua yote."

Kimeli alimweleza kwa upole kwamba mwaka huu haiwezekani. Alimwonyesha mahali pa kubonyeza kwenye simu, Jerusa akabonyeza, akaaga, akashuka kwake kupika. Kimeli alipoifungua video hiyo mezani alikuta pete zimekunjuka pande zote mbili, na ule mwanya mweusi katikati yake ukiwa safi kabisa. Video aliyorekodi yeye baadaye kidogo ilikuwa na sindano. Alichukua daftari lake akaandika kwamba saa moja na dakika kumi na mbili Zohali iligeuka digrii ishirini na sita, na kufikia saa moja na dakika ishirini ilikuwa imerudi. Kwenye nafasi ya jina la mtazamaji aliandika lake, kwa mazoea.

Alimwonyesha mkewe, Tecla, aliyekuwa akipukuchua maharagwe. Tecla aliitazama picha, akauliza kama ni yeye aliyeipiga. Kimeli alijibu kwamba Mama Dorine ndiye alibonyeza, lakini iliyopiga ni darubini.

"Basi hiyo nyota inampenda Mama Dorine," Tecla alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Maneno hayo yalimuuma Kimeli. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Watoto wa watu wangapi alikuwa amewapeleka hospitali kwa pikipiki yake, na mistari ile ya majani hakumpandishia Jerusa kodi hata mara moja. Lakini wivu ulimshika hasa, wivu wa mtu aliyemwalika mgeni kwa miaka thelathini na mmoja, na mgeni alipofika akapita mlangoni pake akaingia kwa jirani. Usiku huo alilala akiwa amegeukia ukuta.

Wiki iliyofuata alifanya majaribio, kama mtu aliyesoma. Alisafisha kioo kwa maji ya betri, yale yasiyo na chumvi wala asidi. Alivua kofia. Alimwomba Jerusa asimame karibu na tangi bila kutazama, na Zohali ikabaki sindano. Akamwomba atazame, ikajifungua. Siku moja, alipoona hakuna mtu karibu, aliinama kwenye lenzi akaisema ile salamu neno kwa neno, kwa sauti ya chini, na kwa lafudhi ya ziwa kadiri alivyoiweza. Ndama alimjibu, sayari haikumjibu.

Alimpeleka Jerusa kwenye Uranusi, iliyokuwa karibu na kundi la nyota la Kilimia, na ambayo kwa watu wote duniani wenye darubini kama ile ni nukta ya kijani. Kwa Jerusa ilikuja na miezi yake mitano, imejipanga kwa urefu kama wanafunzi wanaopigwa picha ya darasa. Neptuni ilikuja ikiwa ya samawati mpaka kwenye kingo, ikasogea karibu kupita kiasi, na asubuhi mistari miwili ya majani chai ya Kimeli ilikuwa imeungua kwa sakitu, ule umande ulioganda. Jerusa alimwomba msamaha kwa niaba ya sayari hiyo. Alisema ni kijana, hajui mipaka.

Zohali ndiyo iliyozoea. Kufikia katikati ya Novemba haikungoja darubini. Jua likizama ilishuka mpaka juu ya mistari ya Jerusa, kiasi cha nusu ya mti wa mkaratusi, ikakaa hapo na pete zake wazi. Ilikuwa kubwa kama paa la kanisa na haikuwa na kelele. Wachumaji wenzake walifurahia mwanga, maana walimalizia vikapu vyao bila tochi. Karani wa kituo, Bethwel, aliuliza tu kama hiyo sayari inaangusha vumbi kwenye majani, kwa sababu majani yenye vumbi hayapokei. Jerusa alimwonyesha kiganja kisicho na vumbi, naye akaridhika.

Kimeli alikuwa akiitazama kutoka juu ya mteremko. Akielekeza darubini huko, sayari iliyokuwa hatua mia mbili tu kutoka kwake ilimpa ubavu. Sindano ikawa kubwa zaidi, basi.

Wakati huo Gibson, mwenye duka la dawa za mifugo mjini Bomet, alikuwa akitafuta picha ya kalenda. Kila mwaka kalenda yake huwa na ng'ombe wa gredi, nayo hutundikwa katika kila nyumba kuanzia Boito hadi Sigowet. Alikuwa amechoka na ng'ombe. Kimeli alimpelekea picha iliyotengenezwa vizuri kutoka kwa ile video ya Jumanne ya kwanza. Gibson alipenda mara moja, akauliza aandike jina la nani. Kimeli alimwambia aandike lake. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza kwamba kuna mama mmoja alisaidia kubonyeza.

Gibson aliuliza mama huyo anaitwa nani.

Kimeli alifungua mdomo. Alimjua kwa miaka kumi na minane, alikula chakula cha matanga ya mumewe, na hakuwa na uhakika na jina lake la pili. "Ni mtu wangu wa majani chai," alisema.

Ndivyo ilivyochapwa: "Picha na Mwl. Kimeli, Boito." Yeye mwenyewe hakuona kosa. Shamba ni langu, namba ni yangu, darubini ni yangu, alijiambia. Majani anayochuma yeye yanapita kwa jina langu na hajawahi kunung'unika. Picha ni nini?

Jerusa alisikia habari za kalenda kituoni. Alipanda jioni hiyo, akasimama mbali kidogo na mlango, mikono ndani ya leso.

"Mwalimu, sisemi jina yako itoke," alisema. "Lakini hata jina ndogo, pale chini? Dorine aone. Mimi sina mahali kokote nimeandikwa."

Kimeli alitazama viatu vyake. Alisema nafasi ilikuwa haba, na kwamba mwakani wataona. Hakusema kwamba angekubali jina la mtu mwingine yeyote, hata la ndama, lakini la huyu anayegeukiwa hakuweza. Jerusa aliitikia sawa, akamwachia Tecla mboga alizokuja nazo.

Jumamosi ya kuzindua kalenda, Gibson aliandaa hafla mbele ya duka, saa nne asubuhi. Kimeli alivishwa shada la majani ya sinendet shingoni na kupewa mursik, maziwa ya mgando ya heshima, kwenye kibuyu, kama mkimbiaji aliyerudi na medali. Umati ulipiga makofi, na Jerusa, aliyekuwa nyuma karibu na bodaboda, alipiga pia. Kibuyu kilikuwa kimefika mdomoni mwa Kimeli wakati Zohali ilipotokea upande wa Boito, mchana kweupe, ikiwa chini. Ilipita juu ya soko bila kugusa turubai hata moja. Ilifika juu ya Kimeli, akainua uso, na kwa muda huo mfupi alifikiri imekuja kwake. Ilimpa ubavu, ikampita, ikaenda kusimama juu ya Jerusa. Pete zikafunguka, kivuli chake kikawafunika yeye na bodaboda sita.

Watu waligeuka wakamtazama Jerusa, kisha wakamtazama Kimeli, kisha wakaitazama kalenda. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Mzee mmoja alimsogezea Jerusa kiti.

Gibson alikohoa kwenye kipaza sauti. Alisema jambo limeonekana, lakini kalenda elfu mbili zimeshachapwa. Akaomba sayari isogee kidogo kushoto kwa sababu ilikuwa inaziba bango la duka. Jerusa aliiambia kitu, ikasogea. Kimeli akanywa mursik yake mpaka mwisho, maana haimwagwi, na haikuwa na ladha.

Jumapili jioni Bethwel alimpigia Kimeli simu kwamba kesho lori litawahi. Kimeli alishuka mteremko kumpa Jerusa habari hiyo. Zohali ilikuwa mahali pake juu ya mistari, na mwanga wake uliingia mpaka ndani ya jikoni la Jerusa, ambalo mlango wake ulikuwa wazi. Jerusa alikuwa ameitoa kalenda ukutani. Aliishika juu mbele ya mlango kwa mikono miwili, akiielekeza nje, na sayari ilikuwa imeinama kuitazama.

"Umetokea vizuri," alikuwa akiiambia. "Ona hapa vile ulijifungua siku ile."

Kimeli alisimama gizani, karibu na kisima. Aliona kidole gumba cha Jerusa, kile cheusi kwa utomvu wa majani, kimekaa pale chini ya picha, kikilifunika kabisa jina la Mwl. Kimeli. Alingoja akiondoe. Hakukiondoa.

Wivu ulimpanda upya, mbichi kama siku ya kwanza, na kando yake palikuwa na kitu kingine ambacho hakukipa jina. Alipiga hodi. Jerusa akashusha kalenda, akamkaribisha, akamuuliza kama Tecla hajambo.

"Kesho lori inakuja saa mbili kamili," Kimeli alisema. "Ukifika mbele yangu, peana tu namba yangu."

"Naijua kwa kichwa, Mwalimu," alisema Jerusa.