Maji ya Miraa

Tuseme ukweli mapema tusisumbuane: siku hiyo mjinga alikuwa Mwirigi. Na ujinga wenyewe aliulea kwa mkono wake, akiunyunyizia maji kama mche wa miraa.

Mwirigi anauza miraa Isiolo mjini, na kwa simu anasomea cheti cha afya ya mifugo. Masomo ni ya mtandaoni: kila kundi lina waraka mmoja, wote wanaandika humo, na alama ni moja kwa wote. Kundi lake ni watatu: yeye, Guleid wa Chechelesi mwenye kompyuta na maneno matamu, na Tiya wa Biliqo, ambaye hupanda kilima kutafuta mtandao, akiupata anaandika mbiombio kabla haujamtoroka.

Uhasama ulianza na punda. Mwirigi alizunguka soko zima akiwahoji wenye mikokoteni kuhusu vidonda vya punda, akaandika sehemu nzima. Siku ya kuwasilisha, Guleid akaisoma kwa madaha: "Mimi niligundua kwamba..." Mwalimu Makandi akamsifu mpaka basi. Tangu hapo Mwirigi akitafuna miraa, anatafuna jina la Guleid.

Udhaifu wa adui aliujua: Guleid husoma mbele ya watu kitu ambacho hajakipitia. Basi kwenye kazi ya ngamia, Mwirigi akapenyeza maneno haya: "Upele wa ngamia huponywa kwa kumkogesha maji ya miraa iliyochemshwa." Akacheka peke yake kibandani. Kwamba yeye mwenyewe akianguka tena atarudia kozi, alijua vizuri. Lakini mwenye kisasi yuko radhi kuchoma nyumba yake, mradi moshi umtoe jirani machozi.

Siku ya darasa alitundika simu kwenye msumari, akapandisha sauti, akaita wateja.

"Kujeni! Kujeni msikie msomi akivuliwa nguo!"

Guleid akasalimia, akaanza. Alipofika kwenye upele, Mwirigi alikuwa ameshashika mbavu.

"Ngamia mwenye upele atengwe na wenzake," Guleid akasoma, "maana ugonjwa huu huambukiza kwa kugusana, na hata anayemkamua anaweza kuupata. Daktari wa mifugo aitwe mapema."

"Safi sana!" akasema Mwalimu Makandi. "Hiyo ya mkamuaji wengi huisahau."

"Na maji ya miraa je?" Mwirigi akapayuka. "Soma maji ya miraa! Si niliandika mwenyewe!"

Maiki ilikuwa wazi. Darasa zima likasikia. Wateja nao wakaacha kutafuna.

"Kumbe uliniwekea upuuzi huo nisome?" Guleid akauliza. "Ulitaka nichekwe?"

"Na bado! Wewe si uliniibia punda?"

"Punda gani tena?" mwalimu akashtuka.

"Ile kazi ya vidonda, mwalimu! Mimi nachomeka na jua sokoni, yeye anasema aligundua. Aligundulia wapi, kitandani Chechelesi?"

Guleid akakohoa. "Hiyo ni kweli, mwalimu. Ya punda ilikuwa yake."

Mwirigi akavimba kama andazi. "Mmesikia? Basi nilikuwa na haki ya kulipiza! Nani alifuta maneno yangu?"

"Mimi." Ilikuwa sauti ya Tiya, upepo wa kilimani ukiivuruga. "Nilipanda huku na jua, nikafungua kazi yetu, nikakuta uchafu wako, nikaufuta, nikaandika ya kweli. Mimi nikianguka, Mwirigi, nyumbani hawaniruhusu kurudia. Ulinifikiria?"

"Lakini Tiya, dada yangu, Guleid ndiye alianza!"

"Basi ungemngoja njiani umpige. Kwetu watu hukosana kisimani kila siku, lakini hakuna anayetia mavi kwenye maji, kwa sababu jioni hata ng'ombe wake watakunywa hapo hapo."